Jina Nililolitoa kwenye Mtungi

Beti alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikiwa nimekaa mezani na chai iliyokuwa imeanza kufanya utando. "Auntie Achi, Mama ametuacha," akasema, kisha akaendelea, kwa ile sauti ya mtu aliyelia akamaliza na sasa ana kazi za kufanya, kwamba kamati ya mazishi imekaa, ibada ya kumuaga itakuwa Alhamisi kule Kawangware kabla mwili haujasafirishwa nyumbani Vihiga, na mimi ndiye nitakayeandika historia ya marehemu. "Alisema mwenyewe. Alisema ni wewe tu." Nikampa pole, nikamwambia nitakuja, nikakata simu, kisha nikabaki nikiutazama ule utando wa chai. Nimeandika mengi maishani. Nimeandikia magazeti, nimeandika vitabu vya maisha ya watu wengine, nimewafundisha vijana namna ya kuuliza maswali, tena kwa ukali, mpaka wananisengenya. Lakini hakuna kazi iliyowahi kunitia baridi mwilini kama ukurasa mmoja wa Mama Beti.

Sitawachosha na habari za nilikozaliwa na aliyenilipia shule, maana hao hawana mchango wowote katika kosa hili. Kosa ni langu mwenyewe. Nililifanya nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimeshiba, nimekaa kwenye kiti, mchana kweupe. Mwaka huo nilikuwa mwandishi katika gazeti dogo la kurasa nne lililotoka mara mbili kwa mwezi hapo Sarang'ombe, Kibera. Lilikuwa na jina refu la heshima ambalo hakuna mtu aliyelitumia. Watu waliliita Karatasi. Lilibandikwa kwa kinyozi, kwenye posho mill ya kusaga unga, kwenye milango ya makanisa, na mtu asiyejua kusoma alisimama hapo mpaka apatikane wa kumsomea. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha mabati chenye meza moja, kompyuta mbili ambazo moja ilikuwa ya kuwekea vikombe, na dirisha lililotazama kioski cha maji. Mhariri wetu alikuwa Wafula, mzee mwembamba aliyefanya kazi miaka mingi kwa mpiga chapa, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa na sheria chache na alizirudia mpaka zikachosha: uliza, kisha uliza tena mtu mwingine, na anayekuomba umfiche, mbadilishie jina na mtaa, kisha umwambie msomaji waziwazi kwamba hilo jina si lake.

Kuna kitu kilichotokea kabla sijaajiriwa ambacho kiliifanya Karatasi iaminike kuliko mkutano wa chifu. Uvumi ulizuka kwamba nyumba zote za karibu na reli zitabomolewa kesho yake, watu wakaanza kutoa magodoro na kung'oa mabati yao wenyewe. Wafula alizunguka ofisi mbalimbali siku nzima, akarudi, akachapa karatasi moja yenye sentensi nne: hakuna ubomoaji, nimeuliza fulani na fulani, wamekana, rudisheni vitu vyenu ndani. Kesho yake tingatinga halikuja. Tangu hapo, mtu akibisha jambo, mwenzake alimuuliza tu, "Kwani iko kwa Karatasi?" Ikiwa ipo, mjadala umekwisha. Mimi niliikuta imani hiyo imeshajengwa, nikaingia ndani yake nikakaa, kama mgeni anayepewa kitanda bila kuuliza nani amelala chini.

Mbele ya ofisi, upande wa pili wa mfereji, ndiko kulikokuwa na kibanda cha Mama Beti. Mabati matatu, mabenchi mawili, sufuria kubwa nyeusi ya githeri, na Ijumaa chapati. Alikuwa Mmaragoli mnene wa sauti ndogo, na mahindi yake aliyateleka kabla jua halijatoka, akayaacha yachemke taratibu mpaka yafumuke yenyewe. Wauzaji wengine walitia magadi. Yeye alikataa. "Mimi sikimbizi mahindi," alisema. "Ikitaka masaa sita, napea masaa sita." Githeri yake ilikuwa na utamu wa maharagwe yaliyopasuka na kutoa uji, na kila siku chini ya sahani yangu alinifichia kipande cha avokado, wateja wengine wasione wakalalamika. "Achi, kuja ukule," alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya mfereji. "Wewe msichana unakonda, hiyo kompyuta inakunyonya." Nilikula hapo kila siku ya kazi mwaka mzima. Benchi lile ndilo lililokuwa chuo changu, maana mafundi wa Kijaluo na akina mama wa kufua walikaa hapo wakipiga stori bila kujali sikio langu, na nusu ya habari nilizoandika zilianzia hapo. Nilijua Mama Beti analala upande gani akiumwa na mgongo. Nilijua Beti yuko darasa la ngapi na hesabu inamsumbua. Jina la Mama Beti sikulijua, na haikunipitia akilini kwamba analo. Kwetu mwanamke akizaa hupewa jina la mtoto, na lile lake linabaki la kanisani na la kitambulisho.

Basi habari yenyewe. Nilisikia hapo hapo benchini kwamba kuna wauzaji wa githeri wanaotia tembe za maumivu kwenye sufuria ili mahindi yalainike haraka na makaa yasiishe. Nikauliza huku na huku, na mwisho rafiki akanipeleka kwa mama mmoja huko Kawangware. Jina lake sijawahi kulisema na hapa pia silisemi. Alinikaribisha chumbani kwake, akanipa chai ya rangi na kiazi kitamu, akaniambia yote bila kuinua macho: tembe ngapi, wakati gani, na kwamba lazima chakula kiwe langoni mwa mjengo wa ghorofa kabla ya saa sita la sivyo wafanyakazi wanaenda kwa mwingine. "Watoto wangu siwapei hiyo," akasema, kisha akafunika mdomo kwa mkono, akagundua alichokisema. Akaniapisha. Nikaapa kwa jina la mama yangu kwamba hakuna mtu atakayemjua.

Nilikaa kuiandika Jumatano baada ya chakula. Nikamtoa Kawangware nikamleta Kibera, kama sheria ya Wafula ilivyotaka. Ikabaki jina. Nje ya dirisha, mitungi ya plastiki ya manjano ilikuwa imepangwa kwenye foleni ya maji. Asiyejua mitaa yetu aelewe kwamba siku za uhaba watu hawapangi foleni, mtungi ndio unaopanga: unauweka asubuhi, umeandikwa jina lako kwa rangi, unaenda zako kazini, na wenye adabu wanausogeza mbele kwa mguu zamu ikisonga. Nikatazama mitungi ile, hakuna mtu karibu yake. Mmoja ulikuwa umeandikwa RISPA kwa herufi kubwa za buluu. Nikasema moyoni, hilo ni zuri, ni la mama wa makamo. Sikumjua Rispa yeyote. Nikaandika "Rispa", na mwisho wa aya nikaweka sentensi ya Wafula, kwamba hili si jina lake halisi wala huu si mtaa wake. Wafula alipopita begani mwangu akiwa njiani kwenda kwa mpiga chapa, aliuliza, "Umeweka ile sentensi?" Nikamjibu nimeweka, na wakati huo ilikuwa kweli.

Alipoondoka, nilipanga ukurasa, na habari ikazidi kwa mistari miwili. Kulikuwa na sentensi mbili ambazo ningeweza kukata. Moja ilikuwa ile ya jina. Ya pili ilikuwa yangu, nilikuwa nimehangaika nayo nusu saa: mvuke ulipanda kutoka sufuriani ukamfunika uso kama shela la bibi harusi. Niliipenda sana. Niliisoma kwa sauti nikiwa peke yangu. Na niliona pia, siwezi kujifanya sikuona, kwamba bila ile sentensi ya kuungama habari ilikuwa na nguvu zaidi. Rispa alisimama akawa mtu. Nikakata ya Wafula, nikabakiza shela.

Karatasi ilitoka Ijumaa. Jumatatu niliona benchi la Mama Beti lina watu wawili, nikadhani ni mvua. Jumanne alikuwa peke yake, amekunja mikono juu ya tumbo, na sufuria imejaa mpaka shingoni. "Sijui watu wamefunga," akaniambia, akacheka kidogo. Nikala, nikaenda kwa kinyozi kuangalia kama gazeti bado limebandikwa, maana kusema kweli nilikuwa naenda kutazama jina langu chini ya habari. Akina mama wawili wa kanisa la karibu walikuwa wamesimama mbele yake. Mmoja alikuwa anamsomea mwenzake kwa kidole.

"Rispa," akasema yule wa kidole. "Anauza githeri. Kibera. Nani mwingine?"

"Dada Rispa wetu? Mama Beti? Wacha!"

"Si unaona? Iko kwa Karatasi."

"Aki na vile nimekula hapo. Na tumbo imekuwa ikinisumbua, nikidhani ni amiba."

Nilikuwa nimesimama nyuma yao. Mpaka leo naweza kuinusa ile pafyumu ya bei rahisi ya kinyozi. Nilirudi kibandani mbio, na hapo, kando ya jiko, mahali ambapo ulikuwa umekaa karibu kila siku ya mwaka ule, nikauona mtungi wa manjano wenye herufi za buluu.

Nilimwambia saa ile ile. Hilo tu ndilo ninaloweza kujisifia, na si kubwa. Alinisikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda, mwiko mkononi. Alikuwa hajasikia. Wateja hawakumwambia kitu, walimpita tu. Nilipomaliza aliuliza swali moja, polepole, kama mtu anayetafuta njia gizani. "Hiyo jina ulitoa wapi?"

"Kwa mtungi. Nilitazama kwa dirisha."

"Na hukuuliza ni mtungi ya nani?"

"Sikuuliza."

"Mwaka mzima nakupikia, Achi." Akautazama mwiko. "Mwaka mzima." Kisha akainuka akanipakulia, ingawa nilikuwa nimeshakula, na chini ya githeri kulikuwa na avokado.

Wafula hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alivua miwani, akaufungua ule uzi, akaufunga upya, akasema, "Tutasahihisha. Ukurasa wa kwanza." Tukasahihisha. Tuliandika kwa herufi kubwa kwamba Rispa aliyetajwa hayupo, kwamba jina lilibuniwa na sentensi ikakatwa kwa kosa la mwandishi, kwamba Mama Beti hajawahi kutia chochote isipokuwa maji na chumvi. Nilibandika nakala kwa mikono yangu kila ukuta. Halafu nikakaa nikisikiliza, maana hiyo ndiyo kazi niliyoijua. Kwenye posho mill wakasema, si ofisi yao iko hapo mbele yake, wanakula kwake, lazima wamfunike. Fundi mmoja wa viatu, mtu mwenye akili zake, akaniambia usoni, "Sista, ile ya kwanza ndio ilikuwa ukweli. Hii ya pili mmeogopa." Nikamwambia mimi ndiye niliyeiandika ile ya kwanza. Akanipiga begani kwa upole. "Najua. Uliandika poa. Ile ya mvuke."

Ilibaki njia moja, kumtaja mwenye kosa mwenyewe. Nilipita kwa miguu nyuma ya Soko la Toi, nikavuka barabara ya Ngong na kuendelea hadi Kawangware, nikamkuta yule mama akiosha sufuria. Nikamweleza. Nikamwomba aniruhusu niseme hata mtaa tu, niseme ni Kawangware, si Kibera. Akakausha mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Huyo mama anajulikana kuwa hana makosa?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Basi yeye ana nafuu kuliko mimi. Mimi niko na makosa na watoto watatu. Uliniapia, dada." Hakupandisha sauti. Nikarudi na kiapo changu kama nilivyokwenda nacho. Wafula akasema hakuna la kufanya, ukivunja hicho hakuna mtu atakayetuambia kitu tena, na nilimchukia kwa dakika chache kwa sababu alikuwa sahihi.

Sasa nitaandika jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Tuliendelea kula kwa Mama Beti, Wafula na mimi, kwa makusudi, tukikaa benchi la nje watu watuone. Siku moja, wiki ya tatu au ya nne, nilikuwa natafuna na nikajikuta nimesimamisha taya. Nilikuwa natafuta uchungu. Ulimi wangu ulikuwa unapita kwenye punje moja moja ukitafuta ladha ya tembe. Mimi, niliyelitoa jina kwenye mtungi, niliyejua kuliko mtu yeyote duniani kwamba hakuna tembe! Nikainua macho na Mama Beti alikuwa ananitazama. Aliona. Nilimeza haraka nikasema tamu, na yeye akasema asante, akageuka akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Aliwavumilia wote waliompita. Nadhani ni mimi niliyemfungisha kibanda.

Kibanda kilifungwa kabla ya mwezi kwisha. Sufuria akamwachia jirani, akaenda kufulia watu nguo kule kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise, na baadaye akahamia Kawangware, ambako Karatasi haikufika. Hakuuza tena chakula. Mimi niliendelea kuandika. Watu walinisifu kwa uangalifu wangu, na kila waliposifu nilikumbuka ulitoka wapi. Nilimtembelea miaka yote, sikukuu na mwaka mpya, na kila mara alinipikia, na kila mara nilimaliza sahani mbele ya macho yake, nikitafuna kwa sauti kama mtoto anayetaka kusamehewa. Hatukuzungumza tena kuhusu jambo lile. Nilingoja anitukane, na hakunitukana.

Jumanne hii nilienda kwa Beti na daftari jipya. Chumba kilijaa wanawake wanaochambua mchele kwenye nyungo, na Beti, ambaye sasa ana mvi mbili tatu za mbele, akanikalisha kitandani. Niliuliza kila kitu. Niliuliza mwaka, kijiji, jina la mwalimu wa kwanza, jina la ng'ombe wao. Nikamwambia nataka kuandika ukweli wa ile githeri, wote, na jina lake kamili juu kabisa, Rispa, kwa herufi kubwa, watu walisome safari hii likiwa na maneno yanayolistahili. Nilikuwa nimeshaitunga kichwani njiani. Beti akatikisa kichwa.

"Auntie, hilo ndilo alikataa," akasema. "Alisema uandike Mama Beti tu. Hapa Kawangware hakuna mtu anamjua kwa hiyo ingine. Hata kanisa alibadilisha, walikuwa wanamuita Kageha, jina ya nyumbani. Alisema, 'Mwambie Achi asiiandike tena.'"

"Tena?"

"Ndio hivyo alisema. Tena."

Nikaandika nilivyoagizwa. Ukurasa mmoja, safi, hauna uongo ndani yake, na jina lake halimo. Jambo la githeri pia halimo, maana huwezi kumsafisha mtu bila kutaja uchafu uliompaka. Ni kazi ya uaminifu kuliko zote nilizowahi kufanya na haikumsaidia kitu.

Alhamisi kanisa lilijaa. Nilikaa safu ya tatu. Wakaleta jeneza, na nyuma yake kijana wa seremala akabeba msalaba, akauegemeza ukutani mbele yetu sote. Seremala hakuwa amepewa maagizo. Aliandika kilichokuwa kwenye kibali cha mazishi: RISPA, herufi kubwa, kwa rangi ya buluu. Beti alishika mkono wangu. Nyuma yangu mama mmoja mzee, aliyekuja na kundi la Sarang'ombe la zamani, alivaa miwani, akausoma msalaba, akamwinamia mwenzake.

"Kumbe ndiye huyu," akanong'ona. "Yule wa kutia tembe kwa githeri."

Niligeuka. Nilikuwa nimesubiri zaidi ya miaka ishirini kumwambia mtu mmoja tu, uso kwa uso, akasikia. "Si yeye, mama," nikasema. "Hakuwahi. Ilikuwa uongo."

Alinitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mfiwa asiyetaka kukubali, akanipapasa mkono.

"Pole, mama," akasema. "Lakini ilikuwa kwa Karatasi. Nilisoma mwenyewe."